Bahari Ilipofika Nyatike

Mjaluo hana haja ya kutenganisha ziwa na bahari. Yote kwake ni nam. Nam Lolwe ndiyo hii inayolamba kingo za Homa Bay na Migori, ambayo Waingereza waliibandika jina la malkia wao bila kuuliza wenyewe wanaiitaje. Ile ya Mombasa nayo ni nam, tofauti ni kwamba maji yake hayanyweki. Sisi tuliofundishwa Kiswahili cha darasani tulizoea kuuona msamiati huo kama kiatu kimoja kinachovaliwa miguu yote miwili. Ziwa ni ziwa, bahari ni bahari, mwalimu alisema, na aliyechanganya alipata sufuri. Siku hizi nashuku kwamba sufuri ile haikutolewa kwa haki.

Chukua Mei 2020. Nchi ilikuwa imejifungia kwa sababu ya korona, kwa hiyo macho ya wengi hayakuwa ziwani. Lakini huko Nyatike, kwenye ncha ya kusini-magharibi ya Kaunti ya Migori, na pande za Rachuonyo Kaskazini katika Homa Bay, watu hawakuweza kuitikia wito wa kukaa nyumbani kwa sababu nyumba zilikuwa na wapangaji wapya: maji. Mabanda ya kupimia samaki yalisimama ndani ya ziwa. Viwanja vya kuanikia omena vilimezwa. Vyoo vya shimo vilifurika, na anayejua kijiji cha ufuoni anajua hilo lina maana gani kwa kipindupindu. Tarehe 17 Mei kipimo cha Jinja, upande wa Uganda ambako Mto Nile unatokea ziwani, kilisoma mita 13.42. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuyaona maji yakifika pale tangu ziwa lianze kupimwa mwishoni mwa karne ya 19. Tangu Oktoba 2019 yalikuwa yamepanda zaidi ya mita moja.

Ukimuuliza mtu wa Nyatike ni nani aliyemwaga maji yale, atakuonyesha Mto Kuja. Na ana sababu. Kuja huanzia milima ya Kisii, ambako huitwa Gucha, hupokea Mto Migori njiani, kisha hujitandaza kwenye tambarare za Nyatike kabla ya kuingia ziwani, na karibu kila msimu wa mvua nyingi huvunja kingo zake. Upande wa Rachuonyo lawama huenda kwa Sondu Miriu na mito ya Awach. Mto una kosa la kuonekana. Unautazama ukija na magogo, mbuzi waliokufa na paa la jirani. Lakini hesabu ya ziwa hili ni ya ajabu: takriban asilimia 80 ya maji yanayoliingia hayapiti mtoni kabisa. Yanaanguka juu yake moja kwa moja kama mvua. Ni ziwa la kilomita za mraba karibu 68,800, lenye kina cha wastani cha mita 40 tu, yaani sinia pana lililoachwa nje ya nyumba. Mvua ndiyo hulijaza na jua ndilo hulikausha. Mito huongeza, na Nile hupunguza. Sinia likijaa, mdomo wa Kuja unakosa pa kumwagia. Maji ya mto yanakutana na maji ya ziwa yaliyoinuka, yanasimama, yanarudi nyuma na kutafuta mashamba. Mto ulioonekana kuwa mkosaji nao ulikuwa umezibwa pumzi.

Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la mviringo, Simbi Nyaima, lenye maji ya magadi na heroe wanaokuja na kuondoka. Wanajiolojia husema ni shimo lililoachwa na mlipuko wa volkano. Wenyeji wana habari kamili zaidi. Palikuwa na kijiji, kukawa na karamu ya pombe, akaja ajuza mgeni asiyejulikana akaomba hifadhi, wakamdharau. Usiku ikanyesha mvua isiyokuwa na mfano na kijiji chote kikazama. Ndiyo maana ya jina lenyewe. Nimesikia hadithi hiyo kwa namna nyingi, na katika zote mvua ile inatoka mahali ambapo walevi hawakuwa wakipatazama. Hapo ndipo hadithi na sayansi zinapofanana kidogo.

Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, wataalamu wa hali ya hewa wa Afrika Mashariki walipotafuta chanzo cha mvua za kupita kiasi walitazama mbali sana: Bahari ya Pasifiki. Marehemu Profesa Laban Ogallo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mmoja wa wanasayansi wa tabianchi waliolijengea eneo hili jina duniani, alichapisha mwaka 1988 utafiti uliolinganisha mvua za misimu yetu na mzunguko wa Pasifiki ambao sehemu yake ya majini dunia inaijua kama El Niño. Uhusiano ulikuwepo, na una nguvu hasa kwenye mvua za vuli, zile za Oktoba hadi Desemba. Wakenya walikuja kuliweka neno hilo vinywani mwao 1997, barabara zilipokatika na madaraja kuondoka, hata leo mvua ikizidi siku tatu mtu wa Rongo au Ndhiwa atakuambia hii sasa ni El Niño.

Lakini palikuwa na mwaka mmoja uliokataa kuingia kwenye daftari. Mwaka 1961 mvua ilinyesha Kenya kwa namna ambayo wazee waliipa jina la mvua za Uhuru, kwa kuwa uhuru wenyewe ulikuwa unabisha hodi. Ziwa lilianza kupanda na halikusimama hadi 1964, likiwa limeongezeka kama mita mbili na nusu. Fukwe za zamani zilipotea, na nyingine hazikuonekana tena kwa kizazi kizima. Sasa tazama Pasifiki mwaka huo: tulivu. Hapakuwa na El Niño 1961. Mshukiwa mkuu hakuwepo mahali pa tukio, na kwa takriban miaka 40 jalada lile lilibaki wazi.

Lilifungwa, au tuseme lilianza kufungwa, mwaka 1999. Mhindi N. H. Saji pamoja na wenzake, akiwemo Mjapani Toshio Yamagata, walichapisha katika jarida la Nature maelezo ya kitu walichokiita Daipoli ya Bahari ya Hindi. Neno ni gumu kuliko jambo. Bahari ya Hindi ina pande mbili kwenye ikweta, ya Sumatra na ya kwetu. Kwa kawaida pepo huvuma kuelekea mashariki na kuyasukumia Sumatra maji yenye joto, na mawingu yakaenda huko. Miaka fulani pepo hizo hulegea na hata kugeuka. Maji ya baridi hupanda kutoka kilindini upande wa Sumatra, na maji ya moto hujikusanya upande wa Somalia, Kenya na Tanzania, kama chai kwenye kikombe kilichoinamishwa. Bahari yenye joto hutoa mvuke mwingi. Pepo zinazotoka mashariki huuingiza mvuke huo bara, juu ya nyika ya Tsavo, juu ya Bonde la Ufa, hadi unapofika kwenye sinia letu. Kwenye orodha ya miaka iliyopinda hivyo, 1961 ulikuwa mmojawapo. Mshukiwa hakuwa ng'ambo ya dunia. Alikuwa nam ya pili, kilomita kama 700 kutoka Homa Bay kwa njia ya ndege.

Mwaka 2019 ulikuja kuondoa shaka. Pasifiki ilikuwa karibu imetulia, kama 1961, lakini Bahari ya Hindi ilipinda vibaya kuliko ilivyokuwa imepinda kwa miongo kadhaa. Katika kilele chake tofauti ya joto kati ya pande mbili, ukilinganisha na kawaida, ilipita nyuzi 2. Australia iliyonyimwa mawingu iliungua misitu. Sisi tuliopewa ya kwetu na ya kwao tulilowa kuanzia Oktoba, na masika ya 2020 yakaja juu ya ziwa ambalo tayari lilikuwa limeshiba.

Kufikia hapa msomaji anaweza kusema: basi ni mambo ya Mungu, bahari imepinda 1961, ikapinda 1997, ikapinda 2019, itapinda tena. Ni kweli. Daipoli haikuletwa na moshi wa viwanda. Ila bahari inayopinda si ile ile. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada ambalo gesi za viwandani na magari zimelinasa duniani limeingia baharini, kwa sababu maji yana tumbo kubwa: mita moja ya ujazo ya maji huhitaji joto karibu mara 3,500 ya lile la mita ya ujazo ya hewa ili kupanda nyuzi moja. Hewa hulalamika mapema. Bahari hunyamaza na kuweka akiba. Mmoja wa wanaoifuatilia akiba hiyo kwa karibu katika Bahari ya Hindi ni Roxy Mathew Koll wa taasisi ya utafiti wa hali ya hewa ya Pune, India. Kwa hesabu zake na wenzake, kati ya 1950 na 2020 bahari yetu ya kitropiki imekuwa ikipata joto kwa kasi ya nyuzi 1.2 kwa karne, na kasi hiyo inatazamiwa kuongezeka.

Hilo linajulikanaje? Zamani kwa ndoo. Baharia aliteka maji, akatumbukiza kipimajoto, akaandika kwenye kitabu cha safari. Na vitabu hivyo vimejaa makosa ya ndoo za turubai zilizopoa kabla kipimajoto hakijasomwa. Leo kuna maboya ya Argo, takriban 4,000 duniani, vyombo vilivyo kama mtungi mwembamba mrefu. Kila kimoja huzama hadi mita 2,000, hupanda taratibu kikipima joto na chumvi, huchungulia juu kila baada ya siku 10 hivi, hutuma habari kwa setilaiti kisha hupotea tena. Mpango huo ulianza mwanzoni mwa milenia hii. Nampenda mfanyakazi wa aina hiyo, asiyeomba posho.

Mwanasayansi mwingine, Wenju Cai wa Australia, aliwauliza wenzake wa hesabu za kompyuta swali ambalo mtu wa Nyatike angeliuliza kama angepewa nafasi: bahari ikiendelea kupashwa joto bila breki, itapinda vibaya mara ngapi? Jibu lililochapishwa 2014: upindaji mkali uliokuwa ukitokea kama mara moja kwa miaka 17 katika karne ya 20 utatokea karibu mara moja kwa miaka 6 katika karne hii. Ni makadirio ya kompyuta, si ratiba ya basi, na yanategemea moshi utakaotolewa. Hata hivyo, piga hesabu ya mtu anayejenga nyumba ya matofali huko Karungu, anayeanza msingi leo na kuezeka baada ya miaka minane kwa sababu pesa za omena huja kwa vipande. Zamani angemaliza.

Kuhusu mafuriko yenyewe ya 2020 tuna jibu la karibu zaidi. Rosa Pietroiusti na timu iliyomshirikisha Wim Thiery wa chuo kikuu cha Kiflemi cha Brussels walichapisha 2024 utafiti uliouliza ni sehemu gani ya kupanda kule ilitokana na binadamu kuipasha joto dunia. Walipata kwamba kupanda kwa kasi kama ile kumekuwa rahisi kutokea kwa mara 1.8 hivi, na kwamba maji yalisimama kama sentimita 7 juu ya pale ambapo yangesimama bila sisi.

Sentimita 7! Nakiri niliposoma mara ya kwanza nilihisi nimepunjwa. Baada ya kelele zote, upana wa kiganja cha mtoto? Kisha nikachukua kalamu. Sentimita 7 juu ya ziwa la kilomita za mraba 68,800 ni maji yapatayo mita za ujazo bilioni 4.8. Na mafuriko hayaendi kwa wastani; yanaenda kwa vizingiti. Nyumba ambayo sakafu yake iko sentimita 5 juu ya maji ni kavu, na iliyo sentimita 2 chini yake haina tena godoro. Katika tambarare kama za mdomo wa Kuja, maji yakipanda upana wa kiganja, ufuo husogea bara hatua nyingi sana.

Napenda utafiti huo zaidi kwa yale ambayo haukuyadai. Haukusema maji yote ni ya mabadiliko ya tabianchi. Sehemu kubwa ya ile mita ilikuwa daipoli ikifanya kazi yake ya kale. Siku hizi neno tabianchi limekuwa blanketi la viongozi: ukuta wa mto usipojengwa, tabianchi, watu wakigawiwa viwanja kwenye kinamasi, tabianchi. Ziwa lenyewe limeshatufundisha tahadhari. Mwaka 2006 lilishuka hadi kiwango kilichokuwa hakijaonekana kwa miongo mingi, wavuvi wakavuta mashua juu ya matope, na kila mtu akailaumu ngozi ya mbingu iliyokauka. Ukame ulikuwepo kweli, lakini uchunguzi wa mhandisi Daniel Kull ulionyesha kuwa zaidi kidogo ya nusu ya maji yaliyopotea yalipitia kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja, yaliyokuwa yakifungulia zaidi ya mapatano. Mvua ina mkono, na mtu ana mkono. Kazi ni kuipima yote miwili. (Mei 2024 rekodi ya 2020 nayo ilivunjwa, baada ya vuli ya 2023 ambamo daipoli na El Niño walikuja wakiwa wameshikana mikono.)

Nimesema habari ya nam ya mbali kana kwamba hii ya karibu inangoja tu kumwagiwa. Sivyo. Nayo ina homa yake. E. B. Worthington alipima joto la ziwa hili katika safari ya uchunguzi wa uvuvi ya 1927 na 1928. Mwaka 1960 na 1961 Jack Talling alilipima kwa mwezi baada ya mwezi akiwa kwenye kituo cha utafiti cha Jinja, na akaeleza mapigo yake ya mwaka. Maji ya juu hupata jua, huwa mepesi, huelea juu ya maji ya chini yaliyo baridi kidogo, na tabaka hizo mbili hukataa kuchanganyika kama mafuta na maji. Kisha ifikapo Juni na Julai, huvuma ule upepo ambao mabaharia wa pwani huuita kusi. Huku ziwani hauna jina hilo lakini ni ndugu yake. Hukausha na kupoza uso wa ziwa, maji ya juu huwa mazito, huzama, na ziwa zima hupinduka na kupumua. Oksijeni hufika chini.

Robert Hecky na wenzake waliporudia vipimo miaka 30 baadaye, walikuta maji ya kilindini yana joto zaidi kwa karibu nusu nyuzi, na sehemu kubwa ya sakafu ya ziwa ikikaa miezi kadhaa bila oksijeni. Tabaka zilikuwa zimekaza. Hapa pia mikono ni mingi: mbolea na udongo wa mashamba ya Kisii na Migori, maji taka ya miji, na mwani mwingi unaokufa, kuzama na kuila oksijeni ya chini. Hata barabara ina mkono. Tuta lililojengwa miaka ya 1980 kuiunganisha Mbita na Kisiwa cha Rusinga lilizuia maji kupita kwenye mlango ule kwa miongo mitatu hadi daraja lilipowekwa. Joto huja juu ya yote hayo na kuyafunikia kifuniko.

Mfugaji wa samaki wa vizimba, biashara iliyoshamiri kando ya Homa Bay, anaijua fizikia hii bila kuisomea. Upepo mkali ukiyapindua maji ghafla, maji ya chini yasiyo na hewa huibuka mahali vizimba vilipo. Mbuta aliye huru hukimbia. Ngege aliyefungwa kizimbani hana pa kwenda, na asubuhi mtu anakuta mtaji wake umeelea tumbo juu. Novemba 2022 ilitokea hivyo kwa wengi katika ghuba ya Kenya. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ambayo makao yake ni Mombasa na tawi lake kubwa ni Kisumu, ilitaja upungufu wa oksijeni. Angalieni jina la taasisi. Ina meli ya utafiti baharini, Mtafiti, iliyotoka Ubelgiji, na nyingine ziwani, Uvumbuzi. Serikali yetu, bila kukusudia, iliwapa nam zote mbili mwajiri mmoja.

Lakini linaloua watu wazima ziwani ni jambo la usiku. Jua likizama, nchi kavu hupoa haraka na ziwa hubaki na joto. Hewa ya milimani huteremka pande zote, hukutana juu ya maji, haina pa kwenda ila juu, na radi hujengwa saa zile ambazo wavuvi wa omena wako kazini, kwenye giza lisilo na mwezi, wamewasha taa zao kuwaita dagaa. Zamani zilikuwa karabai. Sasa ni taa za sola. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa maji kila mwaka katika ziwa lote. Thiery, yule yule, alionyesha 2016 kwamba dunia ikizidi joto, dhoruba hizi za usiku zitakuwa kali kwa kiwango kinachozidi kile cha nchi kavu inayolizunguka ziwa.

Mwaka uliofuata, timu yake ilitoa jambo dogo lenye faida kubwa zaidi. Walipitia picha za setilaiti za miaka mingi na kuona kwamba dhoruba ya usiku ziwani mara nyingi hutanguliwa na dhoruba ya alasiri juu ya nchi kavu. Hiyo ina maana kwamba mtu aliyeko Muhuru Bay au Litare, akikunja nyavu saa kumi jioni, ana dalili mbele ya macho yake kabla hajawasha taa hata moja. Tahadhari za idara ya hali ya hewa hutumwa kwa simu na redio, na ni jambo jema, ila simu ya mvuvi huzimwa kutunza chaji au hufungwa ndani ya nailoni isilowe. Wingu halizimwi. Kwa hiyo kabla ya kusukuma mashua, anageuka na kuupa ufuo uso, anatazama mashariki, upande wa milima ya Kisii, kuona alasiri imejenga nini.